Mama, Naomba Kesi ya Karai Ifunguliwe Upya

Boise, Idaho
Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Najua huko Baraka watu wanaamkiana kwa jambo, lakini shikamoo nimetoka nayo kambini Lugufu na bado haijaniisha.

Yaya, wewe ndiye utakayesoma, basi soma polepole na kwa sauti, Mama asikie kila neno. Usiruke mistari ukitafuta habari za pesa. Ziko mwisho, na ukizifikia kabla ya wakati wake hutaelewa ni pesa za nini.

Sisi wazima. Mkwe wako mzima, watoto wazima, na baridi ya Boise ndiyo nzima kutushinda wote. Leo asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki, maana ikifika tarehe hizi kadi ile haina kazi nyingine.

Mama, unaikumbuka kesi ya karai. Ile ya Lugufu, mwaka 1999, hakimu akiwa Papa, Mungu amlaze pema, shahidi akiwa jirani, na mshtakiwa akiwa mimi, mtoto wa miaka 11. Nilihukumiwa, nikalia, nikasema nimeonewa, na tangu siku ile sijakubali. Kambi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 nilihamia Nyarugusu na kinyongo changu. Mwaka 2015 nikapanda nacho ndege. Uwanjani walinivua viatu na mkanda, wakapekua hadi Biblia, kinyongo hawakukiona. Sasa naomba kesi ifunguliwe upya. Lakini niacheni nianzie mbali, kama wazee wetu, ambao hutaja kwanza mababu saba ndipo waseme wamekuja kuomba chumvi.

Nimenunua karai.

Picha mmeiona, na majibu yenu nimeyapata. Mjomba ameuliza nimeanza lini kazi ya ujenzi. Shangazi amesema haiwezekani mtu avuke bahari nzima, apewe makaratasi, kisha ajipige picha amekumbatia karai la zege. Nawaelewa. Huko kwetu karai ni la fundi wa kubeba zege au la mama anayekaanga mandazi barabarani, na mara nyingi ni karai lile lile, asubuhi zamu ya mandazi, mchana zamu ya saruji. Yaya mwenyewe aliniandikia kwamba lile la Mama, lililotoka naye Lugufu, ameliazima fundi anayejenga kwa jirani. Fundi huyo tutarudi kwake.

Hili langu ni la jikoni tu. Sisi neno karai tulilipata kwa Wahindi. Wachina la kwao wanaliita wok. Ni chuma chembamba, kimebonyea katikati kama kiganja cha mtu anayeomba, kina mkono wa mti, na bei yake dola 38. Mama, usihesabu ni kuku wangapi. Mkwe wako ameshahesabu.

Sababu ni ndakala, wale dagaa wetu. Hapa kuna duka la Waafrika linalouza ndakala wakavu wa ziwa letu, pakiti ndogo kama pochi, bei kama ya mbuzi. Nilikuwa nawakaanga kwenye kikaango cha dukani, kile cheusi kinachosifiwa kwamba hakishiki chakula. Kweli hakikushika chakula. Hata ngozi yake chenyewe hakikuishika: ilibanduka vipande vipande, tukawa tunatafuna bila kujua haya magamba ni ya samaki au ya kikaango.

Kazini, tunapofunga viazi usiku, yuko mzee mmoja wa Kichina, mtu wa Guangdong. Usishangae, Mama. Wachina walifika Idaho zaidi ya miaka 100 kabla yetu, na walifuata kile kile vijana wa Fizi wanachokifuata Misisi: dhahabu. Sensa ya mwaka 1870 ilihesabu watu 14,999 Idaho nzima, na 4,274 kati yao walikuwa Wachina. Karibu watatu katika kila kumi! Wengi walitoka huko huko Guangdong, kwenye lugha yenye hilo neno wok. Binti yangu alirudi siku moja na kisa cha mama wa Kichina aliyeletwa hapa mwaka 1872, jina lake Polly Bemis. Niliposikia “Bemis” niliruka kutoka kwenye kiti. Mubembe mwenzetu! Mubembe gani alifika Idaho mwaka 1872? Kumbe ni jina la mume, Mzungu aliyemwoa mwaka 1894. Nikaketi tena, ila kwa shingo upande.

Basi nilimweleza yule mzee shida yangu ya ndakala, wakati wa mapumziko ya saa nane usiku. Akaniambia ninunue karai la chuma kitupu, lenye kitako bapa, kwa sababu majiko ya umeme ya huku hayana mafiga wala mbabula ya kulishika karai la duara; la duara lingecheza juu yake kama mtumbwi unaozunguka rasi ya Ubwari wakati wa upepo. Kisha akasema: “Siku ya kwanza usipike chakula. Siku ya kwanza unalipika karai.”

Nikadhani Kiingereza chake kimemponyoka. Au changu.

Kumbe ndivyo. Kwanza unalisugua. Kiwandani hulipaka mafuta ili lisishike kutu safarini, maana chuma hiki hakina kinga. Ukikiacha na maji usiku mmoja, asubuhi kimeamka chekundu. Mafuta hayo ya kiwandani hayaliwi. Nikasugua kwa sabuni na waya mpaka jasho likanitoka mwezi wa Desemba. Mzee alikuwa ameonya: hiyo ndiyo sabuni ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Yaya, rudia sentensi hiyo. Itatuhusu.

Pili, unalichoma tupu, halina kitu ndani. Hapo, Mama, nilitamani uwepo. Lilikuwa jeupe kama sarafu. Likaanza kuwa na rangi ya nyasi kavu, likaenda kahawia, likapita zambarau, kisha moto ulipofika kama digrii 300 likageuka bluu. Bluu ile ya ziwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla wavuvi hawajapandisha ndakala ufukweni. Nilisimama nikilitazama hadi mkwe wako akaniuliza kama nalichumbia.

Tatu, mafuta. Mzee alisema nilipake mafuta ya kupikia, kidogo sana, kisha niyafute kana kwamba nilipaka kwa makosa. Hakusema mafuta gani, na mimi ni mtu wa Fizi. Nikachukua mawese.

Kopo lile tulilitunza kabatini kwa ajili ya sombe ya sikukuu. Kwa baridi ya huku mawese huganda kama kipande cha sabuni. Nililazimika kuyachimba kwa kisu. Nikalipaka karai, tena kwa mkono wa ukarimu, maana nani amewahi kupaka mawese kidogo? Nikaliweka motoni, nikageuka kumjibu mkwe wako, ambaye alikuwa bado kwenye hesabu ya kuku.

Mama, katika nyumba za huku kuna kitu cheupe kimebandikwa darini, ukubwa wa sahani ya chai. Kazi yake ni kunusa moshi. Kwetu moshi ukitoka jikoni majirani wanajua leo kwa fulani wanakula. Huku moshi ukitoka jikoni kitu kile kinapiga kelele kama mtu aliyekanyaga siafu. Kilianza cha jikoni, kikaitikia cha chumbani, kikapokea cha ukumbini, na mwishowe ghorofa zima, milango 24, kila mmoja na sauti yake. Kwaya ya vijana ya Baraka haijawahi kushika wimbo kwa umoja ule.

Tukatoka sote nje kwenye theluji. Jirani wa juu alitoka na blanketi na paka. Jirani wa chini alitoka na taulo, na theluji haikumheshimu. Mimi nilitoka na karai, kwa sababu dola 38 haziachwi motoni. Gari jekundu la zimamoto likafika, wakashuka wanaume wanne wenye mabuti ya kufika magotini. Mkubwa wao akaniuliza:

“Ulikuwa unapika nini?”

“Sikuwa napika kitu.”

“Na huu moshi?”

“Nilikuwa napika karai.”

“Ndani ya karai kulikuwa na nini?”

“Hakuna kitu. Karai lenyewe ndilo lililokuwa linapikwa.”

Wakatazamana. Nikajua sasa naandikwa kwenye faili ya wagonjwa. Lakini yule mkubwa akavua glavu, akalichukua, akalizungusha mikononi kama mtu anayenunua ng'ombe, akapitisha kidole kwenye mawese. Akatabasamu. Akaniambia bibi yake alikuwa na kikaango cha chuma kizito, cheusi kama usiku, kisichoguswa na sabuni, na alipofariki watoto waligawana nyumba na shamba kwa amani, wakagombania kikaango. Mama, nilifikiri Wamarekani wanarithishana akaunti za benki tu. Palepale kwenye theluji, jirani wa taulo akitetemeka kando, mzimamoto akanipa somo.

Mafuta ya mbegu, kama ya soya, alizeti au mahindi, yakipakwa membamba juu ya chuma cha moto, chembe zake hushikana mikono na kuwa ngozi ngumu, nyeusi, inayoteleza. Si uchafu, si masizi, wala si mafuta tena. Kila unapopika unaongeza ngozi nyingine. Mawese, tusamehewe na mababu, karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, na aina hiyo haishikani na wenzake. Ukiyapaka kwa wingi yanabaki yakinata kama gundi. Mawese ni ya kula, akasema (yeye aliyaita “hayo mekundu”). Ya kulipikia karai tafuta ya soya. Na tafadhali, fanyia nje.

Barua ya mwenye nyumba ilifika kesho yake. Ilikuwa na adabu nyingi, na mwishoni ilikuwa na bei.

Nikasugua tena, nikaanza upya, nje kwenye kibaraza, kwa jiko dogo la gesi la watu wanaokwenda kupiga kambi. Ndiyo, Mama: huku watu wanalipa pesa ili wakalale kwenye mahema na kuteka maji mbali. Nilipomwambia mwenzangu kazini kwamba mimi nimepiga kambi miaka 18, alinipa mkono kwa heshima akaniuliza kama mandhari ilikuwa nzuri.

Nikapaka mafuta ya soya, nikayafuta, nikachoma. Nikapaka, nikafuta, nikachoma. Mara ya tatu ikatoka harufu iliyonisimamisha. Niliijua. Haikuwa ya mandazi, haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya mafuta matupu juu ya chuma kitupu, na iliniingia na giza na mkeka na hasira. Nikajiuliza nimeinusa wapi, lakini vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Nikasema nitakumbuka nikiwa ndani. Sikukumbuka.

Mwishowe nikakaanga tangawizi na majani ya vitunguu, kama mzee wa Guangdong alivyoagiza, ili kutoa ladha ya chuma, nikavitupa. Kisha nikatia ndakala. Mama, waliteleza humo kama wako bado ziwani! Wakakauka, wakalia kwenye meno, hata mmoja hakuacha mkia wake kwenye chuma. Mkwe wako alikula kimya, na kuku hawakutajwa tena. Kitu kimoja tu kinanisumbua: karai hili likiwa bado changa halitaki nyanya, uchachu wake unakula ile ngozi. Sasa mwambie mtu wa Baraka aanze mchuzi bila nyanya. Ni kama kuanza ibada bila wimbo.

Tulikaa hivyo wiki tano, karai likizidi kuwa jeusi, mimi nikizidi kujivuna. Nililipitisha kwa wageni kama mtoto mchanga.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka kazini alfajiri, nikakuta taa ya jikoni inawaka. Binti yangu, yule wa miaka 10, amesimama karibu na sinki, mikono imekunjamana kwa maji. Karai langu liko kwenye kichanja cha vyombo. Jeupe. Alikuwa amelisugua kwa waya na sabuni saa nzima, kisha kwa kuhakikisha akalitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Kwenye ukingo kutu ilikuwa imeshaanza, nyekundu kama vumbi la barabara ya Fizi wakati wa kiangazi.

“Papa,” akasema, “lilikuwa chafu sana. Nimekusafishia. Ona, unaweza kujiona meno.”

Nikafungua mdomo. Maneno yaliyokuwa tayari ulimini yalikuwa: “Umeliua karai!”

Na hayakuwa yangu, Mama. Yalikuwa yako.

Ulikuwa na malaria siku ile, umelala siku ya tatu. Nikataka ukiamka ufurahi. Nikalibeba karai lako la mandazi hadi bombani, lile karai jeusi lililokuwa linaniaibisha mbele ya watoto wa majirani, nikalisugua kwa mchanga na majivu toka saa nne hadi jua la utosi, mpaka nikajiona meno. Nikakuletea kitandani kama zawadi. Ukasema: “Umeliua karai.” Jioni ukajikongoja ukajaribu kukaanga, mandazi yakashika chini, yakachanika, wateja wakaondoka. Papa akaketi kwenye kiti, jirani akashuhudia. Nikajitetea kwa swali moja ambalo hakuna aliyelijibu: tangu lini mtoto akaadhibiwa kwa kuosha chombo?

Usiku ule nililala mkekani nimejifunika uso, najifanya nimesinzia ili mjue nimekasirika. Nikakusikia unapuliza makaa. Kisha ikaja ile harufu. Nikajiambia: Mama anajikaangia peke yake gizani, na mimi sitapewa. Hilo nalo nililiweka kwenye kinyongo. Kulipokucha karai lilikuwa limeanza kuwa jeusi, na andazi la kwanza lilipopinduka lenyewe sikushangaa hata kidogo. Mtoto wa miaka 11 anajua kwamba vitu vya mama hupona.

Na mafuta yale? Yalitoka kwenye kopo la mgao, lile lenye maandishi makubwa ya USA, ambalo likiisha tulilifanya taa. Mara nyingi yalikuwa ya soya, yale yale anayoyasifu mzimamoto. Nakumbuka wiki ile na iliyofuata tulikula maharage ya kuchemsha, yanang'aa maji. Papa aliuliza. Ulisema mgao umechelewa.

Mama, mgao haukuchelewa.

Binti yangu alikuwa bado ananitazama, anasubiri. Nikafunga mdomo. Nikamwambia asante, nikamvalisha koti, tukatoka kibarazani na jiko la kambi. Nikamwonyesha rangi ya nyasi, ya zambarau, na ile ya ziwa. Akauliza nani alinifundisha. Mzee wa Guangdong nilimruka, mzimamoto nilimruka. Nikasema: bibi yako, usiku mmoja, akidhani nimelala.

Basi naliambia baraza kwamba mshtakiwa amekiri, hukumu ilikuwa ya haki, na rufaa nimeiondoa.

Yaya, sasa soma habari za pesa. Nimetuma dola 60 kwenye Airtel Money. Si za bati, si za ada, na Mjomba asianze hotuba. Ni za Mama peke yake, na ni za mafuta: kopo moja la Lugufu, pamoja na riba ya miaka 25 na ushei.

Na yule fundi, kama hajarudisha karai, mfuateni leo hii. Mwambieni alioshe saruji kwa maji tu. Akishika mchanga wa kusugulia, nipigieni simu. Nina uzoefu wa kesi hiyo.

Mwanao,
mkosaji wa Lugufu